Chapa Moja, Ndugu Watatu

Habari za kifo cha mwenzangu wa zamani wa kazini nilizipata Jumatatu nikiwa kwenye foleni ya posta hapa Sumbawanga, kutoka kwa jirani yake wa mtaa wa Izia aliyedhani ninajua. Alikuwa ameshazikwa kwao Mbeya tangu Ijumaa. Hatukuwa ndugu, wala watu wa kutembeleana. Tulifanya kazi ofisi moja tu. Hata hivyo nilirudi nyumbani na barua yangu mfukoni, nimesahau kilichonipeleka. Wasomaji wangu wa safu hii mtaniwia radhi leo nikiacha habari za barabara yetu, nimzungumzie mtu ambaye hakuwahi kutajwa gazetini.

Ilikuwa ofisi ya mifugo, miaka ile mashirika ya umma yakiuzwa, wafanyakazi wakipunguzwa, na kila mradi wa wafadhili ukija na kompyuta zake. Mimi nilikaa dirishani kuandika vibali vya kuhamisha ng'ombe. Yeye ndiye aliyetengeneza programu ya kutuonyesha nani amechanjisha na nani bado. Ndani ya programu ile kulikuwa na kitu alichokiita maktaba: kipande kilichotengenezwa na watu wengine, chenye kazi moja tu ya kuhifadhi kumbukumbu na kuzitoa zinapohitajika. Zilipokuja kompyuta mpya, maktaba ya zamani ikagoma. Ikabidi ahamie toleo jipya, lenye amri zake na namna yake ya kupanga mafaili. Wiki sita alibadilisha mstari baada ya mstari, akinung'unika kama mtu aliyehamia nyumba ambayo milango yote inafungukia upande mwingine.

Toleo jipya lilimtaka aamue jambo ambalo la zamani halikuwahi kumwuliza: je, alama moja ya utambulisho iruhusiwe kurudiwa? Sisi tulimtambua mfugaji kwa chapa ya ng'ombe wake. Marehemu, mtoto wa walimu, akaona jambo liko wazi, chapa moja mwenyewe mmoja, akajibu hapana. Hakujua kwamba katika baadhi ya familia zilizohamia kwetu kutoka kaskazini, ndugu waligawana ng'ombe wa baba, kila mmoja akajenga boma lake, na wote wakabaki na chapa ya baba. Maktaba ya zamani ilikuwa ikiwapokea wote kimyakimya. Ile mpya ilimbakiza wa mwisho na kuwafuta waliomtangulia bila onyo lolote. Alipofanya majaribio, kila chapa aliyoitafuta ilitokea. Tukapeana mikono, tukanywa soda.

Kiangazi cha mwaka huo kulikuwa na ugonjwa wa mifugo, na hakuna ng'ombe aliyeruhusiwa kuhamishwa bila kibali. Akaja mzee mmoja kutoka upande wa Chala. Malambo yamekauka, anataka kuteremsha ng'ombe wake bondeni kwenye maji. Nikatafuta chapa yake, likatoka jina la mtu mwingine.

“Mzee, ng'ombe wako hawajachanjwa.”

“Hawajachanjwa namna gani, mwanangu? Bwana mifugo amewachoma sindano mbele ya macho yangu.”

“Kompyuta haina jina lako.”

“Basi niandikie kwa mkono.”

Nikamwambia hairuhusiwi. Alirudi mara tatu wiki ile, na mara ya tatu nikamfokea. Naona aibu hata ninapoandika. Marehemu alisikia kelele zangu, akatoka chumbani kwake.

“Shikamoo mzee. Hiyo chapa mnaitumia wangapi?”

“Marahaba. Ni ya marehemu baba yetu. Tuko watatu.”

Marehemu akakaa kwenye benchi kando ya yule mzee, akashika kichwa.

Bosi wetu alipendekeza wafugaji waambiwe wabadilishe chapa, yaishe. Marehemu alikataa. Alikuwa ametunza nakala ya mafaili ya zamani, akahamisha upya kumbukumbu zote kwa siku mbili, safari hii akiruhusu chapa irudiwe, na mlangoni akabandika tangazo kwamba waliokosekana walifutwa kwa kosa la mtengeneza programu. Kisha tukapanda pikipiki ya ofisi, tukampelekea mzee kibali chake bomani. Ndama watano walikuwa wamekwisha kufa kwa kiu.

“Mzee, kosa ni langu,” marehemu alisema.

“Sijapata kuona mtu wa ofisi ananifuata nyumbani kusema amekosea,” mzee akajibu. “Lakini ndama wangu wamekufa.”

“Ndiyo, mzee. Wamekufa.”

Maktaba hakuitaja.

Miaka ile karibu kila kitu chetu kilikuwa kinahamia toleo jipya: maduka, viwanda, vyama vya ushirika, hata huduma ya mifugo yenyewe. Tuliuliza kama kipya kinafanya kazi. Ni wachache waliouliza cha zamani kilikuwa kinambeba nani bila kusema. Tangu siku ile marehemu hakugusa programu yoyote kabla ya kukaa dirishani nusu siku, akiwauliza watu wanaishije na wanagawanaje mali zao. Wenzetu walimcheka kwamba anapoteza muda. Mimi sikucheka. Nimejifunza kwake kwamba mtu akisimama mbele yako na daftari lako linasema hayupo, la kutiliwa shaka kwanza ni daftari. Yeye alikosea kwa kutojua, akauliza mara moja, akajua. Mimi yule mzee nilikuwa naye dirishani mara tatu, na sikumwuliza kitu.