Mkate wa Mazoezi

Wanaosema mjukuu wa Bi Eufrasia Montás aliutema Mwili wa Kristo wanasema uongo, na wanajua kuwa ni uongo. Ilikuwa Alhamisi, siku ya mazoezi ya komunyo ya kwanza, na kilichotoka kinywani mwa Yokasta kilikuwa mkate mkavu ambao padri alikuwa bado hajaubariki. Mtoto ana usonji. Tangu aanze kula, ulimi wake haupokei kitu kikavu, ndiyo maana kwao ndizi hupondwa asubuhi na jioni. Lakini kabla jua halijazama, mji mzima wa Azua ulikwisha kuambiwa kwamba nyumba ya Montás ina shetani.

Aliyeanza ni katekista, Hermógena, mwanamke ambaye Bi Eufrasia alimfundisha kusoma na hakufaidika sana. Kesho yake alikuja hadi barazani.

"Mwalimu, mtoto aombewe kwanza. Jumapili abaki nyumbani."

"Aombewe nini?"

"Si hilo pepo! Mbona unanikazia macho? Kila mtu ameona."

"Kila mtu ameona mkate wa mazoezi ukianguka sakafuni. Unafundisha dini, na tofauti huijui?"

"Haya, mama. Na Jumapili akiutema ule wenyewe?"

Swali hilo lilimkata maini Bi Eufrasia, kwa kuwa lilikuwa la haki. Hakumwonyesha. Alimfungia mlango, akajitanda mtandio wake mweusi, akaenda moja kwa moja kwa padri. Alitaka mtoto apewe tone la divai tu, bila mkate. Kanisa linaruhusu, naye alilijua hilo.

Padri alijikuna shingo. "Bi Eufrasia, akina mama watasema..."

"Wameshasema. Sasa ni zamu yako, Padri."

Jumapili Yokasta hakuvaa gauni la lesi kama wenzake. Lesi humwasha mpaka apige yowe. Alivaa shati jeupe la pamba lililofuliwa hata likalainika. Benchi zima la mbele lilisonya. Alifika altareni ameziba masikio kwa sababu ya kengele, akanywa, akameza, akarudi mahali pake.

Mlangoni Hermógena alikuwa akiwangoja.

"Hongera, Mwalimu. Ila hebu niambie, hali hii ya mtoto imetoka kwa nani? Maana wanasema hata marehemu mumeo, kengele zikilia, alikuwa anajifungia chumbani..."

"Mume wangu alizikwa kwa heshima," alisema Bi Eufrasia, akimtanguliza mjukuu wake kwenye ngazi. "Mengine ni ya nyumbani kwangu. Sisemi zaidi, leo wala kesho."