Mkono Usiofika Sikioni

Nilipomaliza chuo nilipangiwa kijiji kimoja juu ya Karatu, nifungue kituo cha kulelea watoto mchana. Niliamini kwamba mama akipata pa kumwacha mtoto, mengine yote yatafuata.

Wiki niliyokifungua, shule ya msingi ya kijiji iliandikisha darasa la kwanza. Vyeti vya kuzaliwa havikuwapo, hivyo mwalimu mkuu alimtaka kila mtoto apitishe mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili, ishara kwamba umri umefika. Binti wa jirani yangu, mwenye mdogo wake mgongoni, aliuinua mkono, ukaishia kwenye nywele.

"Bado. Mwakani," alisema mwalimu mkuu.

Lakini jana yake nilikuwa nimemwona akicheza na wenzake, akilishika sikio hilo bila taabu. Nilimfuata mama yake alikokuwa akipalilia mahindi.

"Mama, umemfundisha kukunja kiwiko."

Alicheka bila kusimamisha jembe. "Sasa, Mwalimu, mkono ukifika, huyu wa mgongoni atabebwa na nani? Na wewe?" Kisha kicheko kikakoma. "Mchukue huyo mdogo kituoni kwako. Kesho dada yake anarudi shule, na mkono utafika mpaka shavuni."

Mdogo hakuwa ametimiza miaka miwili. Mwongozo wa vituo ulisema mitatu hadi sita. Niliandika wilayani kuomba ruhusa. Nikarudishiwa ukurasa uleule wa mwongozo, umepigiwa mstari.

Siku iliyofuata binti alikuja mwenyewe, mdogo wake mgongoni, akasimama mlangoni. Nilimwambia akae nyuma. Kwa majuma kadhaa aliimba pamoja na wadogo, akachora irabu vumbini kwa kijiti huku akiyumbisha mgongo ili mdogo wake asilie.

Ndipo mkaguzi akafika, saa ya uji.

"Na huyu?"

"Yuko na mdogo wake."

"Mdogo hajafikisha umri. Mkubwa ameupita. Ndugu, hawa ni wa kituo gani?"

Mkaguzi hakupaza sauti, alisubiri tu, kalamu mkononi, mpaka mimi mwenyewe nikamwambia binti atoke.

Aliuliza kama anaruhusiwa kwanza kumaliza uji. Nikamwambia amalize. Alikunywa nusu, nusu akamnywesha mdogo, kisha akasuuza kikombe na kukirudisha mahali pake.