Vifurushi Mia Mbili na Kumi na Vinne

Marjut Kyllönen alikuwa na miaka hamsini na saba alipoajiriwa kupigana na mazimwi. Hivyo ndivyo alivyowajibu majirani waliomuuliza ngazini siku hizi anafanya nini, nao, kwa kuwa ni watu wa Kajaani, mji wa baridi kaskazini ambako watu hawana maneno mengi, walisema tu "Ahaa" wakaendelea kukung'uta theluji viatuni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kujaribu michezo ya kompyuta. Kampuni ilikuwa ndogo, watu saba tu, ghorofani juu ya duka la vifaa vya kuvulia samaki kwenye barafu. Kila asubuhi Marjut alivua mabuti mlangoni, akaingia na soksi zake za sufu, akajimiminia kahawa, kisha akakaa kuucheza mchezo ambao ulikuwa bado haujatoka. Kazi yake ilikuwa kuutafutia kasoro: ukuta unaopenyeka, zimwi lililokwama mlangoni, mto unaotiririka kupanda mlima. Kila alichokiona alikiandika. Alikuwa kwenye majaribio ya miezi minne, na miezi hiyo ilikuwa inaisha Ijumaa ya wiki ya kwanza ya Desemba. Baada ya hapo angepewa kazi ya kudumu au angeambiwa asante.

Asante ya namna hiyo alikuwa ameshaisikia mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kiwanda cha karatasi kilipofungwa. Alikuwa amefanya kazi mwisho wa mtambo kwa miaka kumi na tisa, akikagua marobota ya karatasi yenye ukubwa wa ng'ombe: anapapasa kwa ncha za vidole, anagonga kwa fimbo na kusikiliza, kisha anabandika kikaratasi chenye namba ya mtambo, zamu na saa. Mara ya pili ilikuwa jikoni shuleni, magoti yalipogoma kusimama kutwa. Akiwa na miaka hamsini na tano alirudi darasani na vijana ambao angeweza kuwazaa, akajifunza michezo, kwa sababu ndiyo kazi mpya ya mji ule. Huu ulikuwa mlango wa tatu. Wa nne hakuuona.

Mchezo walioutengeneza ulikuwa wa mbio na mapigano. Msichana mwenye shoka anakimbia misituni na mapangoni, anakwepa, anakata, anaruka. Kila zimwi linaloanguka huacha zawadi, na zawadi nzuri huja zimefungwa kwenye kifurushi cha kijivu kisichosema mengi: "Upanga usiojulikana," au "Pete isiyojulikana." Ukitaka kujua umepata nini, unakipeleka kwa mhunzi wa darajani. Yeye hukifungua, na hapo jina la kitu na nguvu zake huonekana. Wachezaji wengi hawana subira. Venla, msichana wa miaka ishirini na tatu aliyekaa meza ya pili, hakuweza kumaliza dakika tatu na kifurushi mkobani.

Basi Jumanne ya wiki ile ya mwisho, Eetu Moilanen, aliyekuwa mkuu wao na ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya programu, alikuja akasimama nyuma ya kiti cha Marjut. Alikuwa kijana mrefu mwenye macho mekundu ya mtu anayehesabu siku.

"Marjut. Safu hii ya 'vilivyotambuliwa'. Jana sufuri. Wiki iliyopita sufuri. Oktoba nzima sufuri. Jedwali limeharibika?"

"Halijaharibika."

"Basi?"

"Sijafungua."

"Hujafungua lini?"

"Sijafungua kabisa."

Venla alivua vipokea sauti masikioni. "Hata kimoja? Wee! Viko wapi?"

"Sandukuni, kule kijijini. Nimevipanga."

"Vingapi?"

"Mia mbili na kumi na vinne."

Venla alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. "Bibi, wewe ni kindi! Kindi kabisa, na karanga zako!"

"Bibi yako yuko Sotkamo," Marjut alisema, shingo ikimwiva. "Mpigie simu yeye."

Eetu hakucheka. "Orodha ya zawadi nilikuwa naitarajia kutoka kwako. Wewe ndiye unayeandika vizuri. Mchezo unatoka baada ya wiki tatu. Na Ijumaa tuna yale mazungumzo yetu, mimi na wewe."

"Najua."

"Ulikuwa unaviweka kwa ajili ya nini?"

Marjut alitafuta jibu kwenye skrini, kwenye kikombe, kwenye soksi zake. "Kwa ajili ya baadaye," alisema mwishowe, na hata yeye alisikia jinsi lilivyokuwa jibu la kijinga.

Jioni ile alikaa jikoni kwake akitazama kabati la mama yake. Hilja, mama yake, alinunua vikombe kumi na viwili vyeupe vyenye ukingo wa dhahabu mwaka ambao Marjut alianza shule. Vilikuwa vya wageni. Lakini mgeni wa kustahili vikombe vile hakuwahi kutokea. Majirani walikuwa majirani tu. Shangazi aliyetoka Uswidi hakukaa sana. Mchungaji alikuja bila taarifa, akanywea kikombe cha bluu kilichopasuka mkono. Hilja alifariki, kabati likahamia kwa binti yake, na binti yake akawa anapangusa vumbi kwenye kioo kila Jumamosi bila kulifungua. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakusema italiwa na nani.

Sasa Marjut alijiona wazi, na alichokiona hakikumpendeza. Alikuwa amepewa kazi ya kufungua vitu, naye akavitia kabatini.

Jumatano alifika kabla ya wengine. Alimpeleka msichana mwenye shoka kijijini, akafungua sanduku, akabeba vifurushi kumi kumi mpaka kwa mhunzi. Pembeni aliweka daftari lake. Jambo moja alikuwa amelifanya bila kuambiwa, kwa mazoea ya kiwandani: kila kifurushi alikiandikia namba, mahali kilipopatikana, siku na saa.

Namba moja ilikuwa pete. Pango la kwanza, tarehe kumi na moja Agosti, saa tatu na robo asubuhi. Iliangushwa na panya-zimwi, kiumbe dhaifu kuliko wote. Mhunzi alifungua kamba. Pete ikawaka rangi ya dhahabu: Pete ya Malkia wa Barafu.

Marjut alirudi nyuma kitini. Rangi ya dhahabu ilikuwa ya vitu vya hatua ya mwisho peke yake. Panya wa pango la kwanza hawezi kuwa na pete kama ile, kama vile mtoto wa chekechea hawezi kuwa na ufunguo wa benki.

Nimekosea kuandika, alijiambia. Akafungua namba mbili. Upanga, pango lilelile, siku ileile. Dhahabu. Namba tatu, dhahabu. Alipofika ishirini, Venla alikuwa amefika na kusimama nyuma yake na mkate mdomoni.

"Umeiba wapi hivyo?"

"Sikuiba. Ni vya Agosti. Hebu nenda wewe pango la kwanza, mchezo mpya, uue panya, ufungue hapohapo."

Venla alikwenda. Ilimchukua dakika nne. "Pete ya bati," alitangaza. "Nguvu moja. Kama maisha yangu."

Marjut aliweka vidole juu ya meza kama alivyokuwa akiviweka juu ya robota la karatasi. "Mimi nimefungua nikiwa hatua ya arobaini. Wewe umefungua ukiwa hatua ya kwanza. Kifurushi hakina kitu ndani, Venla. Kinajazwa kinapofunguliwa."

Walimwita Eetu. Alisikiliza huku amesimama, kisha akaketi, kisha akaivuta kibodi. Alitafuta ndani ya programu kwa muda mfupi tu, kwa sababu alijua pa kutafuta.

"Ni mimi," alisema. "Kiangazi. Mhunzi anapofungua, ndipo kitu kinachaguliwa, kwa hatua ya mchezaji wakati huo. Ilikuwa rahisi kuliko kukumbuka kila kifurushi." Alijikuna ndevu. "Lakini haidhuru sana. Hakuna mtu anayeweka mia mbili."

"Mimi nimeweka."

"Wewe ni mmoja."

Marjut hakuwa mtu wa kubishana. Katika miezi minne alikuwa amebisha mara moja, kuhusu dirisha. Lakini sasa alisikia sauti yake ikisema, "Mama yako ana kitambaa cha meza cha Krismasi?"

"Anacho."

"Amewahi kukitandika?"

Eetu alifikiri. "Anatandika cha zamani, ili kile kizuri…"

"Wanunuzi wako ni watoto wa mama hao," Marjut alisema. "Wako wengi. Nipe dakika moja nikuonyeshe."

Alimvika msichana wake vitu vya dhahabu kuanzia kichwani hadi miguuni, vyote vya mapango ya mwanzo, akampeleka mpaka kwa zimwi la mwisho. Eetu alikuwa amelitengeneza zimwi lile kwa miezi minane. Lilikuwa na vichwa vitatu, na mapigano yake yalipaswa kumtoa mchezaji jasho la robo saa. Marjut alipiga shoka mara mbili. Zimwi lilitoa sauti nene kama ng'ombe anayepiga chafya, likaanguka.

"Sekunde tisa," Venla alisema. "Kumbe ndiyo sauti yake ya kufa? Sijawahi kuisikia."

"Nilikaa na sauti hiyo wiki tatu," Eetu alisema kwa unyonge, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba akacheka.

Dawa ilijulikana mara moja. Kitu kichaguliwe palepale zimwi linapoanguka, kifungwe, na mhunzi afungue kilichomo tu. Eetu alianza kuandika mchana uleule, akamrudishia Marjut sanduku kama lilivyokuwa na kuvijaza vifurushi kwa kufuata daftari lake, na Alhamisi asubuhi Marjut akavifungua tena, kwa utaratibu mpya. Pete ya bati. Kisu butu. Kofia yenye tundu. Pete ya bati. Yote yalikuwa sawasawa, kila kitu mahali pake, na kadiri alivyozidi kufungua ndivyo vidole vyake vilivyozidi kupunguza mwendo.

"Kuna kasoro?" Eetu aliuliza.

"Hakuna. Kinafanya kazi."

"Uso wako hausemi hivyo."

Angeweza kusema si kitu. Kesho ilikuwa Ijumaa, na mtu anayesubiri kupimwa haongezi maneno kwenye mizani. Lakini alikuwa ameshika namba kumi na saba, kisu butu, na daftarini namba kumi na saba ilikuwa siku ambayo aliweza kuruka korongo kwa mara ya kwanza, vidole vyake vilivyozoea karatasi vilipoacha kumkaidi.

"Aliyeweka akiba atakuja kufungua siku moja, akute takataka tupu," alisema. "Ni haki yake, sawa. Hakuyaangusha mazimwi makubwa. Lakini atajiona mjinga, na mtu akijiona mjinga hufunga kompyuta. Kiwandani kila robota lilikuwa na kikaratasi. Hata lile bovu. Nikikisoma nilijua lilitoka zamu ipi, saa ngapi, na mara nyingi nilijua mikono ya nani. Sasa kifurushi chako kinakumbuka kilichomo. Kikumbuke na kilikotoka. Mhunzi akifungua aseme: kisu butu, ulikipata ukingoni mwa korongo, siku yako ya sita."

Nje, saa nane na nusu mchana, jua fupi la Desemba lilikuwa limeshazama na taa za barabarani zilikuwa zimeanza kuwaka.

"Ni mstari mmoja wa maandishi," Eetu alisema polepole.

"Mmoja tu."

"Hauongezi nguvu yoyote kwenye kisu."

"Hauongezi."

Eetu alirudi mezani kwake. Saa kumi kasoro, Venla alipiga kelele kutoka kitini. "Jamani! Pete yangu ya bati inasema nimeipata Jumatano nikiwa natafuna mkate!"

"Mkate haisemi," Eetu alisema.

"Lakini mimi nakumbuka!"

Alhamisi jioni Marjut hakungoja kujua ataambiwa nini kesho yake. Alifungua kabati la Hilja. Mlango ulilia. Alitoa vikombe saba, akavigeuza kimoja kimoja, na chini ya kila kimoja kikaratasi cha bei cha duka lililokwisha kufa kilikuwa bado kimeganda, bei yake kwa fedha ambayo nchi ile iliacha kuitumia zamani. Alivikwangua kwa ukucha chini ya maji ya moto. Kisha akachemsha viazi, akakanda unga wa shayiri nyeusi, akaoka mikate midogo ya viazi na beri nyekundu, ile ya kwao, mpaka dirisha la jiko likajaa mvuke.

Ijumaa saa nne, wakati wa kahawa, vikombe saba vyenye ukingo wa dhahabu vilikuwa mezani kati ya nyaya na vibao vya kuchezea. Watu walivishika kwa mikono miwili.

"Nani kafariki?" Venla aliuliza.

"Kunywa."

Eetu alikula mikate minne. Halafu akamwita Marjut pembeni, karibu na dirisha lile walilobishania, akatazama barafu ya mto kwa muda mrefu kama ilivyo desturi ya watu wenye jambo la kusema.

"Kiti chako kibovu," alisema.

"Kinayumba kidogo."

"Kitakuumiza mgongo. Nimekuagizia kingine. Ila kinachelewa. Kitafika baada ya wiki sita."

Marjut alimtazama. "Wiki sita?"

"Labda saba. Mambo ya Krismasi." Eetu aliendelea kuitazama barafu. "Utavumilia?"

"Nitavumilia," alisema Marjut, na ikambidi ageuke akusanye vyombo, kwa sababu macho yalikuwa yanamsaliti.

Jikoni Venla alikuwa ameinama mbele ya mashine ya kuoshea vyombo, kikombe kimoja mkononi, akikigeuza kwenye mwanga.

"Hivi vinaingia humu?"

"Dhahabu itatoka," Marjut alisema.

"Basi nioshe kwa mkono?"

Marjut aliwaza juu ya kabati, na kioo chake, na Jumamosi zote zile.

"Tia humo," alisema. "Jumatatu tutavihitaji. Ikitoka, itoke."