Mstari Mweupe wa Sanduku

Harufu ya vanishi ilinipokea mlangoni kwa dada yangu, mtaani Bugolobi. Alikuwa amelipaka upya sanduku lake la mvule, na ule mstari mweupe bado ulikuwa palepale ubavuni.

Baba yetu alikuwa seremala, akifanyia kazi nyuma ya nyumba yetu, mtaani Kibuli. Mbao zikiacha ufa, alichanganya gundi na unga wa mbao ileile, ufa ukazibwa usionekane. Kazi hiyo alimwachia dada. Mimi alinipa ufagio.

"Huyu ana mkono," aliwaambia wateja akimwonyesha dada, na moyo wangu ukawaka.

Siku moja niliumwaga unga wa mvule uliokuwa kwenye kopo la dada, nikatia wa paini. Ukiwa mkavu huwezi kuutofautisha. Lakini vanishi ilipopita, sanduku zima likawa la kahawia, ufa ukabaki mweupe kama kovu. Mteja akalikataa. Dada akalia.

Nikangoja Baba amgombeze. Alipitisha kidole juu ya mstari, akanitazama mimi, kisha akamgeukia dada.

"Nyamaza, mama. Hili siliuzi tena. Utaolewa nalo."

Vingine vyote alivyotengeneza viliuzwa.

"Mpaka leo sijui nilikoseaje," dada alisema, akiupapasa mstari. "Lakini nisingekosea, ningebaki na nini cha Baba?"

Nikamwambia vanishi imekaa vizuri. Kwangu mimi hakuna hata kigoda cha Baba.