Doki ya Kukaa Nyumbani

Baba alipopooza upande wa kulia, nilihama chumba nilichokuwa nimepanga Lushoto mjini nikarudi nyumbani, Mlola. Mama alishatutoka miaka mingi, kaka yangu anafanya kazi Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Bosi wangu ni mama mwenye huruma. Aliniruhusu kufanyia kazi nyumbani na kufika ofisini mara mojamoja, akaniazima na skrini kubwa, kwa sababu kazi yangu ni kuchora ramani za chemchemi na mifereji ya wakulima, na ramani haichoreki vizuri kwenye kioo kidogo cha laptop. Niliifunga ile skrini kwa kitenge nikaipakata njia nzima kama mtoto.

Ofisi yangu nikaiweka sebuleni, kwenye meza ya chakula, kwa kuwa hapo ndipo Baba anaposhinda. Kiti chake kiko dirishani, anatazama shamba la maharage na ukungu unavyopanda kutoka bondeni. Hakuwa anaongea sana. Maneno yalimtoka kwa shida, na yaliyotoka yalikuwa ya Kishambaa. Mimi nachora, yeye anatazama nje, mara anageuka kunitazama mimi. Sikuwahi kukaa naye hivyo tangu nikiwa mdogo.

Shida ilikuwa nyaya. Ofisini mezani kwangu kuna doki, kile kiboksi unachochomeka vitu vyote, halafu waya mmoja tu ndio unaingia kwenye laptop: skrini, kibodi, kipanya, intaneti na chaji, vyote kwa pamoja. Nyumbani sikuwa nayo. Waya wa skrini ulipita huku, wa kibodi kule, na wa chaja ukakatiza sakafu hadi kwenye soketi pekee ya sebuleni, iliyo karibu na mlango. Nilijiambia ni mambo ya muda tu.

Asubuhi moja nilikuwa jikoni nakoroga uji, nikasikia kishindo. Baba alikuwa amejaribu kuinuka peke yake, kama alivyohimizwa hospitali, na mkongojo wake ukanasa kwenye waya wa chaja. Hakuanguka. Nilimkuta ameushikilia ukingo wa meza kwa mkono wake mzima, na laptop iko sakafuni. Nikamkalisha kwanza, ndipo nikaiokota. Ilikuwa imepasuka kona kidogo, lakini iliwaka.

Baba alikuwa analia.

"Nimekuharibia kazi," alisema kwa Kishambaa, neno moja baada ya jingine.

Nikapiga magoti mbele yake. "Hujaharibu kitu, Baba. Waya ndio uliokaa vibaya. Mimi ndiye niliyeuweka pale."

Alitikisa kichwa. Siku zilizofuata hakujaribu tena kusimama mpaka nimshike. Akitaka kwenda mlangoni ananitazama tu, anasubiri. Hapo ndipo nilipoamua kutafuta doki ya nyumbani.

Siku yangu ya kwenda ofisini nilimwomba jirani akae na Baba, nami jioni nikapita kwenye duka la vifaa vya kompyuta pale mjini. Muuzaji alikuwa mwanamke wa rika langu. Aliniomba laptop, akamulika tundu la pembeni kwa tochi ya simu.

"Dada, matundu haya yanafanana lakini hayafanyi kazi sawa," alisema. "Mengine ni ya chaji tu, picha haipiti. Ngoja tujaribu kabla hujanunua."

Akachomeka. Picha ikaja kwenye skrini ya dukani, na alama ya chaji ikaonekana. Kisha akaniwekea doki mbili mezani. Moja ilikuwa ndogo, nyepesi, yenye kiwaya kifupi, inaingia kwenye mkoba. Inatosha skrini moja, ila chaja yangu ingebidi niichomeke humohumo, na akanionya kuwa ikifanya kazi kutwa inapata moto. Ya pili ilikuwa nzito kama tofali, ina chaja yake yenyewe, ina matundu mbele na nyuma.

"Ndogo unatembea nayo," alisema. "Hii kubwa ukishaifunga mezani, imekaa. Wewe utakuwa sehemu moja, au utakuwa unahamahama?"

Lilikuwa swali la kawaida kabisa. Hata hivyo nikamwomba nikafikirie.

Nikampigia kaka kabla sijafika hata stendi, nikamweleza.

"Chukua ndogo, mdogo wangu," alisema. "Ya nini kujaza mizigo pale nyumbani? Baba akipata nafuu unarudi zako mjini."

"Na asipopata?"

Nilisikia honi za magari upande wake.

"Si anaendelea na mazoezi?"

"Tangu anaswe na waya hajasimama peke yake. Kaka, siulizi habari za doki tu."

"Najua," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ukinunua hiyo kubwa, naona kama tumekubali kwamba atabaki vile."

"Mimi naona tumekubali kwamba nipo naye. Basi. Akipona nitaifungua, na nitaifungua kwa furaha."

Kaka akauliza, "Hiyo kubwa inakubali laptop za aina nyingine? Kama hii yangu?"

Nikarudi dukani kuuliza. Inakubali. Nikainunua.

Kuifunga kulinichukua asubuhi nzima. Nilizikusanya nyaya zote nikazifunga pamoja kwa vipande vya kanga kuukuu, nikazishusha nyuma ya mguu wa meza, nikaipitisha ekstensheni kando ya ukuta, nyuma ya kabati. Baba alifuatilia kila nilichofanya. Nilipomaliza, nikachomeka waya mmoja kwenye laptop, skrini kubwa ikawaka. Nikafagia sakafu, kutoka kwenye kiti chake hadi mlangoni.

"Njia ni nyeupe, Baba," nikamwambia.

Siku ile hakuinuka. Siku iliyofuata nilisikia kiti kikilia. Sikugeuka. Niliendelea kukazia macho ramani, mkono kwenye kipanya, nikisikiliza mkongojo unavyogonga saruji, unasimama, unagonga tena. Alifika mlangoni, akaegemea fremu, akakaa pale akiyatazama maharage yake. Mfereji niliouchora wakati ule ulipanda mlima badala ya kushuka, ikabidi niufute wote.

Mwisho wa mwezi kaka alifika bila taarifa, na mkoba wa laptop begani.

"Nimeomba kufanyia kazi huku kidogo," alisema baada ya kumwamkia Baba. "Wewe nenda ofisini ukakae na watu."

Akachomoa laptop yangu, akachomeka yake. Picha ilikuja, sauti ikagoma, akahangaika na mipangilio mpaka ikakubali. Wiki ile nilikwenda mjini kila siku. Nilikula chakula cha mchana na wenzangu bila kutazama saa, nikacheka mambo ya kipuuzi.

Jioni moja nilirudi nikakuta kaka yuko kwenye kikao na wenzake wa Dar. Alikuwa amekivuta kiti cha Baba hadi kando yake, na wote wawili walionekana kwenye kamera. Sura za wale watu zilikuwa zimejaa skrini nzima, Baba akizikagua moja moja. Kikao kilipofika mwisho, dada mmoja akasema, "Shikamoo, mzee." Mwenzake naye akaamkia, na wa tatu.

"Marahaba," Baba akajibu. Kwa kila mmoja, taratibu, akimsubiri amalize. "Marahaba."

Kaka alizima kamera, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Mkono wa Baba haujarudi katika hali yake, na mimi bado nipo Mlola. Kaka anakuja kila anapopata nafasi. Akija nachomoa waya nampisha, napanda gari la asubuhi kwenda Lushoto, na kabla hatujamaliza kona za kwanza ninakuwa nimeshalala, usingizi mzito, mpaka abiria wa jirani aniamshe kwamba tumefika.