Jina la Mwenye Mali

Shangazi yangu Almeda Warrick hakuwa mtu wa kupendeka kirahisi, na sitaki mtu anidanganye sasa hivi kwa kuwa ameshakufa. Alikuwa na mdomo. Miaka thelathini na moja alipasua samaki kiwandani, mikono yote makovu ya visu, na akirudi nyumbani alipika maharage ya Jumamosi na mkate wa molasi kwa watu wale wale aliokuwa akiwasema tangu Jumatatu. Ukichelewa kufika kwake, chakula ulipewa, ila maneno uliyala kwanza.

Kijiji chetu, Spruce Neck, huku Nova Scotia, ng'ambo ya mpaka wa kaskazini wa Marekani, ni mawe, misonobari na baridi. Sisi weusi tumekaa hapa tangu Wamarekani walipopigana vita kumwasi mfalme wa Waingereza. Mfalme aliwatangazia watumwa kwamba atakayemtoroka bwana aliye mwasi na kuja upande wake, atakuwa huru. Vita alishindwa, lakini meli zake zikawaleta watu wetu huku, kila mmoja na cheti chake cha uhuru. Basi hivyo ndivyo tulivyofundishwa tangu tukiwa wadogo. Katika ukoo wetu mwenye cheti alikuwa Dinah, bibi wa mabibi zetu, aliyetoka Charleston, Carolina Kusini. Shangazi alimsimulia utadhani walikuwa wakipasua samaki meza moja.

"Alishuka melini kwa miguu yake," alikuwa akisema. "Hakuna aliyemshusha."

Mwaka 1993 ikaja barua. Kampuni moja imenunua ufuo ijenge hoteli, na nyumba ya shangazi, iliyojengwa na baba yake kwa mikono yake, imekaa kwenye ardhi isiyo na hati. Alitakiwa aonyeshe ni nani aliyepewa ardhi ile mwanzo, na ilivyomfikia yeye kizazi kwa kizazi. Asipoweza, ahame kabla ya Aprili.

"Wanataka nithibitishe nini?" aliniuliza. "Kwamba mama yangu ni mama yangu?"

"Wanataka jina la wa kwanza, shangazi. Na karatasi ya kila kizazi."

"Wa kwanza ni Dinah. Andika."

"Haiandikwi tu hivihivi."

"Sasa ualimu wako una faida gani, Nelda? Miaka yote hiyo ya kusoma."

Kwake yeye, huko ndiko kuomba msaada. Nikaanza kazi.

Vizazi vya karibu havikunisumbua, kwa sababu kanisa letu liliandika ubatizo na ndoa zote. Nikarudi nyuma hadi kwa Prince, mtoto wa Dinah, aliyejenga kibanda cha kwanza pale tulipo. Nyuma ya Prince, kimya. Lilikuwapo daftari ambalo maafisa wa mfalme waliwaandika weusi wote waliopanda meli kule New York, na nakala yake tuliipitia mstari kwa mstari, yeye na miwani yake, mimi na rula. Akina Dinah walikuwa wengi. Aliye huru, aliyetoka Charleston, hatukumwona. Shangazi akasema karani alikuwa mlevi, twende Charleston tukamtafute wenyewe.

Tukaenda kwa gari langu, siku tatu, na kwa siku zote tatu aliniendesha yeye kwa maneno. Mpakani afisa wa Kimarekani akamuuliza anaenda kufanya nini.

"Namtafuta bibi yangu."

"Anaishi wapi?"

"Alishakufa. Inakaribia miaka mia mbili."

Yule bwana akanigeukia mimi. Nikamwambia anachosema ni kweli, akatupisha.

Kwenye jumba la kumbukumbu kule Charleston tulihudumiwa na mzee mmoja mweusi, Bwana Legare, mtaratibu, mwenye tai ya kipepeo. Alituacha tukapekua siku mbili nzima. Siku ya tatu akavuta kiti akaketi nasi.

"Mama, mnamtafuta kwa jina lake," alisema. "Hapa hatuwapati watu wetu kwa njia hiyo. Shehena iliandikwa kwa jina la mwenye shehena. Tafuta jina la mwenye mali."

"Dinah wangu hakuwa na mwenye mali. Alikuja huru."

"Hata kabla ya kuja?"

Mzee akatuomba tumtajie koo za wazungu wa huko kwetu ambazo zilihama Carolina wakati ule. Shangazi akazitaja kwa dharau, akiweka na sifa mbaya ya kila mmoja, hadi akafika kwa Thurlow. Hao ndio wenye kile kiwanda cha samaki. Whitney Thurlow alikuwa bosi wake.

Bwana Legare akaleta kitabu cha mauzo cha mwaka 1781, wakati mji uko mikononi mwa jeshi la mfalme. Maandishi yalisomeka vizuri. Josiah Thurlow, kapteni katika jeshi la mfalme, amenunua mjakazi Dinah, umri miaka kumi na sita.

Mimi nilielewa kabla yake, na nikatamani nisingeelewa. Ile ahadi ya mfalme ilikuwa kwa watumwa wa waasi. Mtumwa wa rafiki wa mfalme hakuahidiwa kitu, alibaki mtumwa na kusafirishwa kama sanduku la bwana wake. Nikaifungua ile nakala ya daftari la meli niliyoibeba, nikatafuta Thurlow. Alikuwapo. "Dinah, kumi na minane, mjamzito, mali ya Kapteni Thurlow." Mstari huo tuliupita mara kumi, maana sisi tulikuwa tukimtafuta mtu huru.

"Funga," shangazi akasema. Siku tatu za kurudi hakutoa neno hata moja juu ya uendeshaji wangu.

Wosia wa Thurlow niliupata peke yangu, na kinachonikera hadi leo ni kwamba ulikuwa kwenye mahakama ya mji wetu, nusu saa kutoka mlangoni kwa shangazi. Hakuna mtu wetu aliyewahi kufikiria kufungua karatasi za Thurlow. Ni wa mwaka 1809. "Kwa Prince, mtoto wangu niliyemzaa na mjakazi wangu Dinah, namwachia uhuru wake na kipande cha mwamba anachokaa, kwa kuwa hakifai kulimwa." Kabla ya hapo, juu, alikuwa ameandika anayomwachia mkewe: nyumba, vitanda vinne, ng'ombe wawili wa maziwa, na Dinah.

Shangazi aliusoma amesimama jikoni. Akaurudia. Akauweka kifudifudi mezani.

"Usiupeleke."

"Shangazi, hiyo ndiyo hati yenyewe. Ardhi, Prince, vyote vimo. Bila hiyo unahama."

"Nitahama."

"Uhamie wapi?"

"Kwako. Si una sofa?"

"Una miaka sabini na mbili."

"Kwa hiyo niende mbele za watu niseme mimi ni mjukuu wa Thurlow? Nimemsafishia yule mtu samaki ujana wangu wote, leo nimwite babu yake babu yangu? Unajua alimfanya nini yule mtoto. Kumi na minane, Nelda."

Nilijua. Hata hivyo nilimsukuma, na naomba lijulikane kwamba ni mimi. Nilimwambia Dinah ameshakufa na yeye yu hai, kwamba nyumba ni nyumba, kwamba kiburi hakiwashi jiko. Nilikwenda kila siku kwa wiki mbili. Mwisho akasema sawa, lakini atausoma mwenyewe, hataki mdomo wa mtu mwingine umtaje Dinah.

Siku ya madai yake kusikilizwa, mwezi Machi, ukumbi ulijaa watu wa kanisani kwetu, wamekuja kumtia moyo. Whitney Thurlow naye akaja, akaketi mbele. Shangazi akasoma wosia wote, hakuruka neno, hata wale ng'ombe. Nilimwona mchungaji ameinamia viatu vyake, na mabinti wa kwaya, ambao tangu utotoni wamesikia habari za Dinah mwenye cheti, wakiangaliana.

Alipomaliza, Whitney akainuka akamnyooshea mkono.

"Kumbe sisi ni ndugu, Almeda. Ungeniambia zamani."

"Ningekuambia ungefanya nini, Whitney? Ungenipa glavu?"

Mkono ukabaki hewani, akaurudisha mfukoni.

Afisa wa ardhi alikuwa mwanamke kijana, mpole, na simlaumu. Alisema madai yamekubaliwa. Akasoma hati: ardhi ya Kapteni Josiah Thurlow, kutoka kwake kwa mwanawe Prince, kutoka kwa Prince kwa binti yake, na kuendelea, hadi Almeda Warrick.

"Dinah yuko wapi?" shangazi akauliza.

"Samahani, mama?"

"Dinah. Sijamsikia."

"Hawezi kuingia, mama. Hati inaonyesha ardhi ilivyopita kutoka kwa mmiliki mmoja hadi mwingine. Yeye hakumiliki."

"Alimzaa Prince."

"Naelewa. Lakini kwa sheria ya wakati ule yeye mwenyewe alikuwa..."

"Malizia, mwanangu. Nimepasua samaki miaka thelathini, sizimii."

"Alikuwa sehemu ya mali iliyorithiwa."

Shangazi akaitikia kwa kichwa polepole, kana kwamba amepewa jibu la haki.

"Na nisipotia sahihi?"

"Madai yanaanguka leo, mama."

Akanitazama mimi, si afisa. Ningeweza kusema kitu. Nilikuwa nawaza nyumba, nikamsogezea kalamu. Akaandika jina lake lote taratibu, chini kabisa, kwenye karatasi ambayo juu kabisa ilikuwa na jina la Thurlow. Akaiweka kalamu chini.

"Haya," akaniambia, na wote wakasikia. "Na mimi pia nimemwacha Dinah."

Afisa akamnyooshea hati. Hakuipokea, ikabidi niichukue mimi.