Bibi wa Kwenye Picha

Juzi kwa jirani yetu hapa Kibeta waliweka picha ya Kihindi, ile ya mama anayefariki na kuacha watoto wawili. Nilikuwa nimeiona zamani na mama, tena zaidi ya mara moja.

Mchana ule mama alikuwa ametoka hospitali, hata nguo za safari hakubadilisha. Alikaa chini akimenya ndizi za jioni, vidole vyeusi kwa utomvu, chumba kizima kinanukia maganda mabichi. Kihindi hatukukijua, tulifuata sura tu. Siku zote mama aliwacheka wanaolilia picha. Siku ile alilia yeye, tena kwenye sehemu ya harusi, watu wanacheza na kurushiana maua.

Nilidhani amesahau inavyoisha. "Mama, usilie, mbona mwisho wanafurahi?"

"Mama yao akishakufa, watoto wanakaa na nani?"

"Na bibi yao, yule mwenye mvi."

"Hawapigi?"

"Aa, anawapikia tu."

Akafuta macho kwa kiwiko. "Haya. Basi vizuri." Akachukua ndizi nyingine.

Nilijivuna sana kwamba nimemnyamazisha mtu mzima. Mama hakumaliza mwaka.

Juzi picha ilikuwa imetafsiriwa Kiswahili. Kumbe yule mwenye mvi si bibi yao, ni mfanyakazi wa ndani, na baadaye anafukuzwa. Niliondoka kabla haijaisha.

"Mbona umewahi?" bibi yangu akaniuliza nilipofika nyumbani.

"Picha yenyewe mbaya."

Akanipakulia ndizi, akakaa kunitazama mpaka nikamaliza.